Amani Hujengwa Mazoezini: Muziki na Kazi ya Kuponya Jamii



Mada niliyokabidhiwa ni nafasi ya muziki katika kuleta amani na kuponya jamii zilizoumizwa. Ni mada inayopendwa na wengi, na kwa kuwa tunaipenda hatuihoji vya kutosha. Uchaguzi ukikaribia, wasanii huitwa studio, kila mmoja akaingiza sauti yake, video ikapigwa wakiwa wameshikana mikono, na wimbo ukarushwa redioni asubuhi na jioni mpaka matokeo yatangazwe. Pakitokea mafuriko, njaa au vita, huandaliwa tamasha. Viingilio hukusanywa, hotuba hutolewa, kisha vyombo hupakiwa kwenye gari na kila mtu hurudi kwake. Wahanga nao hubaki na yao.

Sisemi kwamba kazi hizo ni bure. Mwanzoni mwa 2008, Kenya ilipokuwa ikiungua baada ya uchaguzi, wimbo “Daima” wa Eric Wainaina ulisikika mara kwa mara redioni na kwenye televisheni, na wapo waliotiwa moyo kwa kuusikia. Wimbo unaweza kumkumbusha mtu utu wake wakati kila kinachomzunguka kinamshawishi ausahau. Lakini kukumbushwa ni jambo moja na kupona ni jambo jingine. Hoja yangu jioni hii ni kwamba muziki huponya zaidi mazoezini kuliko jukwaani. Tukitaka utusaidie kujenga amani, tuanze kuulizia mazoezi: nani anakutana na nani, wapi, mara ngapi, na kwa miaka mingapi.

Wimbo mikononi mwa chuki

Tuanzie Arusha, maana ushahidi mzito kuhusu nguvu ya muziki katika ukanda wetu ulisikilizwa hapo. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1994, ilitoa hukumu dhidi ya Simon Bikindi tarehe 2 Desemba 2008. Bikindi alikuwa mtunzi na mwimbaji mashuhuri, kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Irindiro. Alifungwa miaka 15 kwa kosa la kuchochea hadharani mauaji ya kimbari. Hukumu hiyo haikutokana na nyimbo zake. Ilitokana na maneno aliyoyasema kwa kipaza sauti mwishoni mwa Juni 1994, alipokuwa njiani kati ya Kivumu na Kayove, akiwataka Wahutu wawaangamize Watutsi.

Kuhusu nyimbo, majaji walikwenda kwa uangalifu mkubwa. Walikubali kwamba zilitumiwa katika kampeni ya chuki. Hawakuridhika kwamba imethibitishwa, bila shaka yoyote ya msingi, kuwa alizitunga kwa nia ya kuchochea mauaji hayo, wala kwamba ni yeye aliyehusika na kupigwa kwa nyimbo hizo redioni wakati wa mauaji. Mwanasheria ataliona hilo kama suala la ushahidi. Sisi wa sanaa tuna la kujifunza humo: wimbo ukishatoka kinywani mwa mtunzi, mwenye redio anaweza kuubebesha mzigo wowote autakao.

Na redio yenyewe tunaijua. Ni RTLM ya Rwanda, iliyoanza kurusha matangazo Julai 1993. Haikuwakamata wasikilizaji kwa hotuba za kisiasa. Iliwakamata kwa muziki ambao vijana waliupenda, muziki wa Kongo ukiwemo, na kwa watangazaji wachangamfu waliopiga soga kama watu wa kijiweni. Sikio lilipokwisha kuzoea, sumu ikamiminwa humo. Kati ya Aprili na Julai 1994 waliuawa watu wanaokadiriwa kufikia laki nane, na kwa hesabu ya serikali ya Rwanda ni zaidi ya milioni moja. Miaka kumi na minne baadaye, Tume ya Waki iliyochunguza ghasia za Kenya nayo ilizinyooshea kidole baadhi ya redio za lugha za kienyeji kwa kueneza chuki.

Nimeanza na uchungu huu kwa makusudi. Tunapenda kusema muziki ni lugha ya amani. Historia yetu haituruhusu kusema hivyo kwa wepesi. Watu wakiimba pamoja hupumua pamoja, miguu yao hukanyaga kwa pigo moja, na kila mmoja hujiona mkubwa kuliko alivyo akiwa peke yake. Hiyo ni nguvu kweli, lakini wimbo hauulizi nguvu hiyo inaelekezwa kwa nani. Hivyo kazi ya amani haimalizwi na maneno matamu ya kiitikio. Inategemea ni nani waliosimama pamoja kuimba, na ni nani aliyeachwa nje.

Ngoma za Huye

Nchi ile ile ya Rwanda ndiyo inayonipa mfano ninaoupenda kuliko yote. Mwaka 2004, katika mji wa Butare ambao sasa unaitwa Huye, mwandishi na mwigizaji Odile Gakire Katese, anayejulikana zaidi kwa jina la Kiki, aliwaalika wanawake waje kujifunza kupiga ngoma. Kwa mila za Rwanda ngoma ilikuwa kazi ya wanaume na ilihusishwa na enzi ya mfalme. Mwanamke hakuruhusiwa kuipiga. Kikundi kilichozaliwa, Ingoma Nshya, kiliwakutanisha walionusurika, wajane, mayatima, na pia wanawake ambao waume au ndugu zao walikuwa gerezani kwa kushiriki mauaji.

Naomba tuitazame ngoma yenyewe kwa karibu, kwa sababu siri iko humo. Ngoma za Rwanda hupigwa kwa seti. Kila ngoma husimama wima, imewambwa ngozi na kukazwa kwa kamba za ngozi, na mpigaji huwa na fimbo mbili za mti. Ngoma ndogo kuliko zote huitwa ishakwe. Sauti yake ni kali na ya juu, na ndiyo inayoshika mwendo. Nyuma yake zinafuata inyahura, zenye sauti ya kati, na chini kabisa igihumurizo, ngoma kubwa yenye mvumo mzito. Mpiga ishakwe hana nafasi ya kujionyesha. Akiyumba yeye, wote wamepotea. Mpiga igihumurizo ana nguvu ya kumeza sauti za wenzake wote, kwa hiyo lazima ajizuie. Mwenye hasira huharakisha na husikika mara moja. Mwenye huzuni huchelewa, naye husikika. Hakuna anayekemewa kwa maneno: mwendo wenyewe humwita arudi.

Sasa fikirini mjane amesimama bega kwa bega na mke wa mfungwa. Hakuna aliyewaambia wasameheane. Hakuna mgeni kutoka mji mkuu aliyewashikisha mikono ili wapigwe picha. Wanachotakiwa kufanya leo ni kusikilizana kwa saa kadhaa ili pigo lisianguke, na wiki ijayo warudi wafanye hivyo tena. Baada ya miezi, mtu ambaye usingeweza kumsalimia njiani amekuwa mtu ambaye asipofika mazoezini unauliza yuko wapi. Mimi naamini hapo ndipo jeraha linapoanza kufunga. Msamaha, kama utakuja, utawakuta tayari wana mazoea ya kuwa pamoja.

Kikundi hicho hakikuishia kwenye ngoma. Mwaka 2010 baadhi ya wanawake wake walifungua duka la aiskrimu mjini humo, Inzozi Nziza, wakiliendesha kwa ushirika. Mazoezi yalikuwa yamekwisha kuwafundisha kugawana zamu, kutii mwendo wa mwenzako na kuvumilia makosa, na hayo ndiyo yanayohitajika pia katika kuendesha biashara ya pamoja.

Ngoma ivumayo haidumu

Upande wa pili wa dunia upo mfano wa jukwaa lililokosa mazoezi. Tarehe 22 Aprili 1978, katika Uwanja wa Taifa wa Kingston, Jamaika, Bob Marley aliwapandisha jukwaani mahasimu wawili wa siasa, Waziri Mkuu Michael Manley na kiongozi wa upinzani Edward Seaga, akaiunganisha mikono yao juu ya kichwa chake mbele ya maelfu ya watu. Marley mwenyewe alikuwa amepigwa risasi nyumbani kwake Desemba 1976 na kuishi uhamishoni kwa zaidi ya mwaka. Alihitaji ujasiri mkubwa kurudi na kusimama pale, na namheshimu kwa hilo. Picha ya mikono ile mitatu imezunguka dunia nzima.

Lakini tuulize kilichofuata. Wazo la tamasha lile lilitoka kwa viongozi wawili wa magenge hasimu, Claudie Massop na Bucky Marshall, waliokuwa wameweka makubaliano ya kusitisha mapigano. Massop aliuawa na polisi mwaka 1979. Marshall aliuawa New York mwaka 1980. Mwaka huo huo wa 1980 Jamaika ilifanya uchaguzi uliogharimu maisha ya mamia ya watu. Wakubwa wawili walishikana mikono kwa dakika chache, lakini vijana wa mitaa ya Kingston hawakuwa na mahali pa kuendelea kukutana siku iliyofuata. Bunduki zilibaki, umaskini ulibaki, na vyama viliendelea kugawa kazi na nyumba kwa wafuasi wao. Wahenga walisema ngoma ivumayo haidumu. Simlaumu mpigaji. Nawauliza waliokuwa na wajibu wa kujenga baada ya ngoma kunyamaza.

Fedha na kazi inayofuata wimbo

Mambo ya misaada nayo yana funzo la namna hiyo. Tarehe 1 Agosti 1971, Ravi Shankar na George Harrison walifanya maonyesho mawili Madison Square Garden, New York, kuwasaidia wakimbizi wa Bangladesh. Shankar, mtu wa asili ya Bengali, ndiye aliyemwendea rafiki yake na kumwomba wafanye kitu. Viingilio vilipata takriban dola 243,000 zilizopelekwa kupitia UNICEF. Fedha kubwa zaidi, za santuri na filamu, zilikwama kwa miaka mingi katika mzozo wa kodi na serikali ya Marekani, kwa sababu taratibu za kuifanya shughuli hiyo itambulike kisheria kuwa ya hisani hazikukamilishwa mapema. Nia ilikuwa safi na muziki ulikuwa wa hali ya juu, ila makaratasi hayakuandaliwa, na aliyesubiri chakula akaendelea kusubiri. Mwanamuziki anayetaka kusaidia wenye shida amtafute mhasibu na mwanasheria kabla hajamtafuta mpiga gitaa.

Karibu zaidi na sisi, ng'ambo ya mto Ruvuma, kuna mfano wa wimbo uliofungwa pamoja na kazi. Feliciano dos Santos wa Mkoa wa Niassa, Msumbiji, aliugua polio utotoni katika mazingira yasiyokuwa na maji safi. Alipokua aliunda bendi iitwayo Massukos, akaimba juu ya kunawa mikono na kujenga vyoo katika lugha za wenyeji, Kiyao kikiwemo, lugha inayozungumzwa pia kusini mwa Tanzania. Wakati huo huo alikuwa akiongoza shirika, Estamos, linalokwenda vijijini kusaidia watu kupata maji na kujenga vyoo. Wimbo unakusanya watu uwanjani, na mafundi wanafuata. Mwaka 2008 alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Watu wa Niassa hawakuachiwa wimbo peke yake. Waliachiwa wimbo pamoja na mtu wa kumwuliza namna ya kuchimba shimo.

Na kaskazini mwa Uganda, miaka ya vita vya kiongozi wa waasi Joseph Kony, redio ya Mega FM ya Gulu ilikuwa na kipindi cha kuwaita wapiganaji warudi nyumbani. Waliokwisha kurudi walizungumza kwa majina yao, na nyimbo za Kiacholi za kumwita mtoto arejee zilipigwa. Aliyetekwa akiwa mdogo alikuwa ameambiwa porini kwamba akirudi atauawa. Kusikia sauti ya mwenzake akiwa hai, katika lugha ya mama yake, kulivunja uongo huo. Lakini mwaliko ule ulikuwa na mashiko kwa sababu Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000 ilikuwepo, na viongozi wa mila walikuwa tayari kumpokea arudipo. Redio ilipowaita warudi, kulikuwa na mlango uliofunguliwa kweli.

Haki ya kuomboleza

Liko jambo moja ambalo waandaaji wa nyimbo za amani hulikwepa, nalo ni kilio. Tuna haraka ya kuwaimbisha waliofiwa nyimbo za umoja. Mila zetu zina busara zaidi: msiba una siku zake, una nyimbo zake, na hakuna anayemkata mfiwa kauli. Anayetaka muziki uponye aanze na maombolezo, awaache watu wawataje wafu wao, kisha asubiri. Wimbo wa furaha ukiletwa kabla ya wakati wake humwambia mfiwa kwamba machozi yake yanasumbua watu.

Na swali la nani aruhusiwe kuombolezwa ni zito. Kizito Mihigo alinusurika mauaji ya kimbari akiwa mtoto, akafiwa na baba yake, akawa mpiga kinanda na mtunzi wa nyimbo za Kanisa Katoliki aliyependwa nchini kwake. Mwaka 2010 alianzisha taasisi ya amani na upatanisho, akazunguka shuleni na magerezani. Machi 2014 alitoa wimbo uliowakumbuka pia wafu waliouawa nje ya mauaji ya kimbari, kwa visasi. Mwezi uliofuata alikamatwa. Mwaka 2015 alihukumiwa miaka kumi kwa kula njama dhidi ya serikali, akasamehewa mwaka 2018, na tarehe 17 Februari 2020 akafia mikononi mwa polisi. Polisi walisema alijiua. Mashirika ya haki za binadamu yalidai uchunguzi huru. Namtaja kwa heshima, kwa sababu maisha yake yanatuonyesha kwamba kuimba amani kwa dhati kunaweza kumgharimu mtu kila kitu. Tunaowaita wasanii waimbe upatanisho tuna wajibu wa kuwalinda pale wimbo wao unapogusa pasipotakiwa kuguswa.

Urithi tulio nao

Haya ninayoyasema si mapya kwetu, pwani wala bara. Ngoma ya beni ilipoanza Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikaenea miji mingi ya Tanganyika, ilikuwa zaidi ya ngoma ya gwaride. Marini na Arinoti vilikuwa vyama vyenye matawi, vyenye vyeo, vyenye wanawake na wanaume waliokutana mara kwa mara. Mwanachama akihamia mji mgeni alipokelewa na tawi la huko. Akiugua alitazamwa, akifa alizikwa kwa michango ya wenzake. Ushindani kati ya vyama ulikuwa mkali, mara nyingine mpaka ugomvi, ila watu waliotoka makabila na nchi mbalimbali walijifunza kuishi mjini kwa kupitia ngoma hizo. Huko Zanzibar, klabu ya taarabu ya Ikhwan Safaa iliyoanzishwa mwaka 1905 bado ipo, imepita utawala wa kisultani, ukoloni, mapinduzi na muungano. Klabu haiishi zaidi ya miaka mia kwa sababu ya onyesho moja zuri. Inaishi kwa sababu jioni baada ya jioni watu wamekuwa wakija, wakikaa kwenye viti vile vile, wakitafuta sauti pamoja.

Tunazo kwaya katika kila usharika na kila kigango, vikundi vya kasida katika madrasa, vikundi vya ngoma vijijini. Huko Korogocho, Nairobi, jirani na dampo la Dandora, mradi wa Ghetto Classics unawafundisha watoto fidla na tarumbeta katika uwanja wa kanisa. Mtoto anayeshika fidla hapo hupata chombo, na pia hupata mtu mzima anayemtarajia afike saa fulani. Katika mtaa ambao hauna uhakika wa mambo mengi, kutarajiwa na mtu ni ulinzi mkubwa.

Kwa hiyo nina maombi kwa wale wenye uwezo wa kuamua.

Maafisa utamaduni, mnapopanga bajeti, tengeni fungu la mazoezi kabla ya fungu la tamasha. Mazoezi yanahitaji chumba chenye mlango unaofungwa, vyombo, nauli ya wanaotoka mbali, chai, na mwalimu anayelipwa kwa wakati. Hayo yote kwa mwaka mzima yanaweza kugharimu kidogo kuliko jukwaa, taa na posho za siku moja.

Mashirika ya misaada, msitake kikundi kitoe wimbo wa upatanisho ndani ya miezi mitatu ili ripoti ipendeze. Wapeni watu miaka. Hakikisheni kikundi kina watu wa pande zote mbili na uongozi wa zamu, na pawepo mshauri wa afya ya akili, maana wimbo wa msiba unaweza kufungua jeraha ambalo mwalimu wa muziki hana ujuzi wa kulifunga.

Watangazaji, ninyi mnashika kipaza sauti kile kile kilichotumiwa vibaya mwaka 1994. Wimbo wenye tusi kwa kabila au dini ya mtu, hata likifichwa katika mafumbo, msiurushe, hata kama unaombwa na mamia ya wasikilizaji.

Nanyi wasanii, mwakani mtaitwa tena kwenye tamasha la amani. Nendeni mkaimbe, ila kabla hamjatia saini muulizeni mwandaaji maswali haya: Siku ya pili yake mazoezi ni saa ngapi? Watakaokuja ni akina nani, na je, wamo wale waliopigana? Na mwaka mmoja baada ya tamasha, ufunguo wa chumba cha mazoezi utakuwa mkononi mwa nani? Akiwa na majibu, mpeni sauti zenu zote. Akiwa hana, msaidieni ayatafute kwanza, kwa sababu watu mnaotaka kuwaimbia wameahidiwa amani mara nyingi mno, na safari hii wanastahili kuipata.